Kichwa Kilichopewa Jina la Danjo

Mama mkwe wangu, Masu, hakuwa mtu wa kusimulia. Haya aliniambia kwa vipande, katika misimu mitatu ya kupandikiza mpunga, tukiwa tumeinama matopeni bega kwa bega, kwa sababu pale hakuna anayekusikiliza ila aliye pembeni yako. Kipande kimoja leo, kingine baada ya siku nne. Mimi nimeviunga tu. La mwisho sikuhitaji kuambiwa, nililiona kwa macho yangu.

Alizaliwa hapa hapa Nogawa, nyumba ya pili kutoka kivukoni. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka saba na mdogo wake Sakuzo mitatu. Baba akafuata kwa homa Sakuzo alipofika tisa. Tangu hapo Masu ndiye aliyekuwa mama na baba. Alimpikia uji wa shayiri, alimtoa chawa, alimchapa, alimfunga nywele kila asubuhi. Mwaka mmoja wakati wa mavuno Sakuzo alimjia kwa nyuma kumtisha, naye Masu akageuka na mundu mkononi. Mundu ukaondoka na ncha ya sikio la kushoto. Kijana alilia, kisha akamwambia dada yake, "Usiwaambie watu ni wewe. Tuseme ni mbwa mwitu." Na kijiji kizima kikaamini ni mbwa mwitu.

"Alikuwa mwoga yule," Masu aliniambia. "Anaogopa maji, anaogopa radi, anaogopa hata jogoo wa jirani. Jogoo akimfukuza anapanda juu ya paa, halafu anaanza kuimba huko juu ili watu wadhani alipanda kwa raha zake."

Vita ilipokuja Masu alikuwa na miaka ishirini na mmoja, Sakuzo kumi na saba. Watu wa ng'ambo ya mto walipiga kambi mbele ya ngome ya Mizukoshi, na vijiji vyote vya upande wetu vikaitwa. Wanaume walipewa mikuki ya mabwana kuibeba. Wanawake walipandishwa ngomeni kupika, kufua, na kuyeyusha risasi. Masu alikuwa na mikono ya kusuka na kufunga nywele, na jambo hilo likajulikana siku ya pili tu. Siku ya tatu akapelekwa chumba cha juu, kwa Bi Okura.

Bi Okura alikuwa mjane wa mlinzi wa lango, mwanamke mfupi, mkavu, asiyepandisha sauti. Kazi ya chumba chake ilikuwa kuosha vichwa.

Nieleze kidogo, maana vijana wa leo hawajaona vita. Askari akimuua adui anamkata kichwa na kukileta ngomeni, ili Bwana wa ngome akione na kumjua aliyefanya kazi. Lakini huwezi kumpelekea Bwana kitu chenye tope na damu. Kwa hiyo wanawake wanakiosha, wanakichana, wanakifunga nywele upya, wanakipaka poda, wanakifukizia ubani, wanakiweka juu ya ubao na kibandiko chenye jina lake na jina la aliyemuua. Siku ya kwanza Masu alitapika mpaka nyongo. Bi Okura akampa maji akasukutua, kisha akamwambia, "Ukimaliza kutapika, yule wa tatu nywele zake zimeshikana. Anza na yeye."

Baada ya siku kumi alikuwa anakula tonge lake la wali chumba kile kile, vichwa vikiwa vimepangwa ukutani kama vibuyu. Alilala hapo pia, wote walilala hapo. Mtu huzoea, aliniambia, na aliniambia bila kuona haya.

Sasa kulikuwa na mchezo. Wakubwa wa enzi zile walipaka meno rangi nyeusi, ile dawa ya chuma kilichooza kwenye siki. Mtu wa kawaida hakuwa na meno meusi. Kwa hiyo askari aliyeua mkulima alijua kwamba kichwa chake hakina thamani, na kwamba kikipakwa meno tu, mkulima anageuka mtu wa ukoo. Wakaanza kuja mlangoni na figili za kuchachusha, na samaki wakavu, na maneno matamu.

"Dada Masu, huyu wangu mtie heshima kidogo."

"Huyu wako ana uso wa mchimba figili. Hata nikimpaka mwili mzima, anabaki mchimba figili."

"Ndiyo maana nimemleta kwako, sikumpeleka kwa wengine."

Na wanawake wote walicheka, na Masu akapaka. Alikuwa hodari kuliko wote. Alijua kupitisha brashi hadi nyuma ya magego, na kunyoa nyusi na kuzichora juu ya paji kama wanavyofanya mabwana. Mkorofi mmoja akamwita "mama mzaa makabaila". Jina likashika. Alijivunia, aliniambia. Alikuwa msichana wa shamba, na wanaume wenye panga mbili kiunoni walikuwa wanamsubiri mlangoni kwa adabu.

Masu alimwona Sakuzo mara mbili tu katika muda ule, uani, akiwa amebeba mikuki mirefu kuliko yeye mara tatu. Mara ya pili alimuuliza, "Dada, hivi hii itaisha lini?" Masu akamwambia, "Kabla ya kupandikiza." Sakuzo akahesabu vidole, akaona ni siku nyingi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Kulikuwa na mapigano kivukoni tangu alfajiri na askari waliorudi walikuwa wachache. Akaja Kurobe Tatewaki. Huyu alikuwa samurai wa daraja la chini, wa miaka kama thelathini hivi, mzuri wa sura, mcheshi, kipenzi cha chumba kile. Safari zote alikuwa akija na utani. Siku ile alikuja na kitu amekifunga kwenye mkono wa koti lake, na hakuvua hata kofia ya chuma.

"Dada Masu, leo nimekuletea mkubwa. Oginuma Danjo, jemadari wao. Mpambe vizuri mno, Bwana anamsubiri."

Chumba kizima kikasimama. Danjo alikuwa ndiye aliyewafunga ndani ya ngome ile siku arobaini. Bi Okura mwenyewe akaleta maji safi.

Uso ulikuwa umejaa tope la mtoni, tope jekundu, na nywele zimelowa zimeufunika. Masu akaanza kama alivyoanza siku zote, kwa nywele. Akaosha kisogo. Akapitisha chanuo nyuma ya sikio la kulia, kisha akapitisha nyuma ya sikio la kushoto, na chanuo hakikugusa ncha kwa sababu ncha haikuwapo.

Hakupiga kelele. Aliniambia kwamba alibaki ameshika chanuo, anasikiliza mvua, na kwamba kwa muda fulani aliwaza tu kwamba yule mbwa mwitu aliuma watu wengi kumbe. Halafu akakumbuka kwamba hakukuwa na mbwa mwitu yeyote.

Akaosha uso.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si nimekwambia," Tatewaki akasema. "Kibandiko kimeandikwa."

"Mimi sijui kusoma. Niambie kwa mdomo wako ukiwa unaniangalia."

Tatewaki akamwangalia, kisha akakiangalia kichwa, kisha akamwangalia tena. Tabasamu lake likamtoka. Bi Okura akaenda akafunga mlango.

"Huyu ni Sakuzo wa Nogawa," Masu akasema. "Mdogo wangu. Ni mbeba mikuki wetu sisi. Umemuua mtu wetu."

Tatewaki akapiga magoti palepale kwenye maji machafu. Masu alidhani anaomba msamaha. "Dada," akasema kwa sauti ndogo, "nilimkuta katikati ya kivuko, anaelekea ng'ambo. Ameacha mikuki."

"Mwongo! Sakuzo anaogopa maji."

"Leo kila mtu alikuwa anaogopa. Hata mimi. Mtoro anafanywa nini, unajua. Na jamaa zake wanafanywa nini, unajua pia. Ukienda kusema huyu ni Sakuzo, nitaulizwa nilimkuta wapi, nami nitasema. Mimi nitaambiwa nijipasue tumbo, sawa. Wewe utatundikwa langoni, na jina lake litasomwa hapo chini yako."

"Alikuwa anatoroka kweli?"

"Nimeshakwambia nilichokiona."

Masu akamgeukia Bi Okura. Alitegemea neno. Mama yule mfupi alikuwa bado ameegemea mlango.

"Wataanza kuuliza, Masu," akasema. "Huyu si jemadari, vizuri, na yule wa juzi je? Na wale kumi na wawili wa wiki iliyopita? Nani aliwapaka? Tuko wanawake kumi na wanne humu ndani."

"Ni mdogo wangu, Bi Okura. Nimemlea."

"Nimesikia. Nawe uliwapaka ndugu za watu ukicheka. Sote tulicheka." Akachukua kibakuli cha rangi, akakiweka mbele yake. "Paka, mwanangu. Ukimaliza nitakushika ulie."

Akapaka. Alinyoa zile nyusi, akachora nyingine juu. Akapitisha brashi hadi nyuma ya magego. Aliniambia, "Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Hicho ndicho ambacho sijajisamehe. Mikono ingetetemeka, pengine wangegundua."

Hawakugundua. Bwana alimleta mateka mmoja wa ng'ambo, aliyewahi kumtumikia Danjo miaka minane, akamuuliza kama ndiye. Mateka alikitazama kile kichwa, akaangua kilio, akajitupa chini, akasema ndiye. Kelele za furaha zikasikika mpaka bondeni. Siku sita baadaye watu wa ng'ambo wakavunja kambi na amani ikaandikwa.

Tatewaki akapewa zawadi ya vijiji vitatu. Kimoja ni Nogawa.

Hivyo Masu akarudi nyumbani, na vuli ile gunia la kwanza la mpunga alilobeba kupeleka kodi alilipeleka kwa Kurobe Tatewaki. Tatewaki alikuwa amekaa barazani na wazee wa kijiji. Alipomwona aliinamisha kichwa kidogo, jambo ambalo bwana hamfanyii mkulima. Watu wakalitafsiri kwamba ni mtu mnyenyekevu.

Mwaka uliofuata ikaingia homa ngomeni. Kuhani akasema ni mzimu wa Danjo, amekasirika kwa kuzikwa shimoni na wengine. Wakafukua kichwa, wakakitia ndani ya mtungi, wakakileta mahali alipofia, yaani kivukoni kwetu, wakakizika, wakainua kilima na kusimamisha jiwe la jina. Homa ikaisha, kama homa zinavyoisha. Tangu hapo watu wenye maumivu ya kichwa na ya meno walianza kuja, kwanza wa vijiji vya karibu, kisha wa mbali. Waimbaji vipofu wakaja na zeze zao na habari nzima: kwamba Danjo na Tatewaki walipigana majini kutwa nzima mpaka mto ukageuka rangi, kwamba Danjo alikuwa na nguvu za watu kumi, kwamba upanga wake ulipovunjika alicheka, akavua kofia mwenyewe, akanyoosha shingo.

Masu aliomba kazi ya kufagia kilima. Hakuna aliyeitaka, akapewa. Alikuwa ameolewa kufikia wakati huo na baba mkwe wangu, mtu mkimya aliyekufa kabla sijafika, na alikuwa amemzaa mume wangu. Kila asubuhi kabla ya shamba alikwenda na ufagio, akafagia, akaweka bakuli la uji wa shayiri. Wanawake wa kisimani hawakumwacha.

"Mke wa jemadari huyo anapita! Habari za mumeo, amelalaje?"

"Amelala vizuri," alikuwa anajibu. "Anawasalimu."

"Na mbona unampelekea uji wa shayiri? Mtu mkubwa vile, mpelekee wali!"

"Wali unamsumbua tumbo."

Wakacheka, naye akaenda zake. Mara moja tu alijaribu kusema. Alimwambia mtawa wa hekalu letu kwamba katika mtungi yumo mtu mwingine. Mtawa akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia wanawake waliofanya kazi ile ngomeni mara nyingi huchanganyikiwa, akampa karatasi ya dua aibandike juu ya mlango. Siku tatu baadaye Tatewaki akaja kivukoni peke yake, kwa miguu. Alikuwa ameshanenepa.

"Nasikia unaongea," akamwambia.

"Niliongea na mtawa. Sikujua kwamba watawa wanakuletea wewe habari."

"Una mtoto mdogo."

"Ninaye."

"Basi mlee," akasema. Akawasha ubani mbele ya jiwe, akakunja mikono akaomba, na kwa vile Masu alivyoona, aliomba kweli, machozi yakimtoka. Hilo lilimuuma kuliko vitisho. "Sasa hata kumlilia wananisaidia," aliniambia, na akatema mate kwenye maji ya mpunga.

Akakaa kimya miaka ishirini.

Mwaka wa ishirini akaja mtawa mzee mgeni, kofia ya majani kichwani, anachechemea. Masu alikuwa anafagia. Mzee akakaa chini mbele ya jiwe, akacheka peke yake, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka.

"Mbona unacheka kaburini, baba?"

"Nimetembea siku tisa kuja kuona jina langu."

Masu akaweka ufagio chini. Mzee hakuwa anatania. Siku ile ya mvua, akasema, alichomwa mkuki wa paja, farasi akamtupa chini, akaburutwa na mtumishi wake hadi kwenye mianzi. Wakiwa bado humo mianzini wakasikia kelele za furaha kutoka ngomeni: Danjo amekufa, Danjo amekufa. Mwanzo aliona aibu. Usiku wa pili wa homa akaona ni mlango umefunguliwa. Yule mateka aliyelia alikuwa mtu wake mwaminifu. Alielewa mara moja kwamba bwana wake akitangazwa mfu hatafutwi tena. Danjo akanyoa nywele, akaingia hekalu la mlimani, na hakuna aliyemuuliza kitu tangu siku ile. Wanawe walipewa mashamba makubwa na bwana wao, kwa sababu ya kifo cha baba yao.

"Nimekuwa nikijiuliza huyu ni nani," akasema akigusa jiwe. "Nilitaka kumshukuru."

"Anaitwa Sakuzo," Masu akasema. "Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa anaogopa jogoo."

Akamwambia yote, na rangi ya meno, na Bi Okura, na uji. Mzee akainama mpaka paji likagusa udongo, akakaa hivyo kitambo kirefu. Masu akadhani mambo yamefika mwisho wake.

"Baba," akasema, "wewe ndiye mtu pekee wa kuaminiwa. Simama mbele ya watu useme uko hai. Mara moja tu. Jiwe litabadilishwa."

Mzee akanyanyua uso. "Wanangu watanyang'anywa kila kitu. Watu wa kwenu watatafuta kichwa changu, na wa kwetu watauliza kwa nini nilijificha. Mama, nina miaka hamsini na sita. Nimepata amani."

"Hiyo amani yako imetoka wapi?"

 Mzee akatoa tasbihi yake, akasema atamsomea Sakuzo dua kamili, kwa jina lake, ile aliyomsomea hata mama yake mzazi. Masu akakubali. Angefanya nini? Mzee akaanza kwa sauti nzuri, nzito, lakini alipofika mahali pa kutaja jina, wachuuzi wawili wa chumvi walikuwa wanashuka njiani kuelekea kivukoni. Mzee akawaona. Sauti yake ikashuka, midomo tu ikawa inacheza.

"Kwa sauti," Masu akamwambia. "Taja kwa sauti!"

Mzee akafumba macho, akaendelea kimya kimya mpaka wachuuzi wakavuka. Kisha akainuka, akainama mara tatu, akaenda zake akichechemea. Masu aliniambia kwamba katika watu wote, Tatewaki akiwemo, huyu ndiye ambaye yeye alimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa mtu mwema.

Mimi niliolewa hapa miaka mitano baada ya hapo. Na mwaka wangu wa sita ndipo wakaja wana wa Danjo.

Nchi yote ilikuwa imeshatulia, chini ya mtawala mmoja, na wakubwa waliokuwa maadui walikuwa wanapelekeana zawadi. Tatewaki alikuwa amekufa kitandani, mwanawe ndiye bwana wetu. Wana wa Danjo wakaomba mifupa ya baba yao wakaizike kwao, mwendo wa siku tisa. Wakaruhusiwa kwa heshima zote. Wakaja watu thelathini, mavazi meupe, makuhani, machela ya kubebea mtungi yenye pazia la hariri. Nogawa nzima ilitoka kutazama.

Mama mkwe alisimama karibu na shimo na ufagio wake, na walipotaka kumsogeza akasema yeye ndiye mfagiaji, wakamwacha. Mtungi ulipotoka, mkubwa wao, mtu wa miaka arobaini hivi, akaja kumshukuru. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yao.

"Bibi, tumeambiwa umemtunza baba yetu miaka thelathini."

"Huyu si baba yenu," Masu akasema. Hakunong'ona, ila upepo ulikuwa mkali na makuhani walikuwa wanapiga kengele. "Baba yenu alikuja hapa kwa miguu yake. Mtawa, anachechemea mguu wa kulia. Huyu ni mdogo wangu. Tatewaki amekufa, Bi Okura amekufa, hakuna wa kutundikwa sasa ila mimi, nami sijali. Nirudishieni."

Nilimwangalia yule bwana usoni, nikingoja hasira. Haikuja. Akawa mweupe kama nguo zake, akasogea karibu.

"Najua, bibi," akasema polepole. "Tulimzika baba mwaka juzi, mlimani, kwa jina la utawa. Alituambia kabla hajakata roho."

"Unajua na umekuja kuchukua?"

"Bwana wetu ndiye aliyeamuru tuje. Hekalu limeshajengwa. Angalia hawa watu wote. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukoo wetu una watu mia na zaidi, bibi. Wote wanakula kwa ajili ya mtungi huu."

Masu akamtazama.  Akasema, "Basi mkishamzika, ukimwashia ubani, mwite Sakuzo. Moyoni mwako tu, kama unaona haya."

"Nitajaribu."

"Hata jina ni la kujaribu?"

Bwana yule akainama. Akamwashiria mtumishi, na mtumishi akaleta vitambaa viwili vya hariri, zawadi ya mfagiaji. Watu wa kijiji wakapiga kelele za kushangilia. Mwanamke mmoja wa kisimani akasema kwa sauti, "Mke wa jemadari leo kapewa talaka na mahari yake!" na kicheko kikaenea, wala hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa wanampenda, kwa namna yao.

Alifuata machela mpaka majini. Walipoingia kivukoni yeye alisimama, maji yakamfika vifundoni, akawatazama hadi pazia la hariri likapotea kwenye mianzi ya ng'ambo. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, twende nyumbani, utapata baridi."

"Alitaka kwenda ng'ambo au hakutaka?" akaniuliza. "Wewe una akili. Unaonaje?"

 Nikasema, "Hakutaka, mama. Alikuwa anaogopa maji."

"Unasema hivyo kunifurahisha," akasema, na akaanza kupanda njia.

Hakufagia tena. Kilima kilibaki na shimo lake mpaka wanaume wakalifukia, maana wagonjwa wa meno walikuwa hawajaacha kuja na mmoja nusura atumbukie. Majira ya baridi yale yale kifua kikambana. Aliumwa siku kumi na mbili. Hakutoa maneno makubwa. Alitaka maji, alitaka dirisha lifungwe, aliniambia nisiuze hariri yote kwa mkupuo mmoja. Tuliomba azikwe pale kivukoni, na mtawa wa hekalu, siye yule wa zamani, akasema mahali pa jemadari hapazikwi mwanamke wa shamba, hata kama jemadari ameshahamishwa. Tukamzika juu, kwenye makaburi ya kijiji, chini ya mawe yasiyoandikwa.

Mwaka uliopita bwana wetu, mwana wa Tatewaki, alianzisha ngoma ya kumkumbuka baba yake, siku ya sherehe za mavuno. Inachezwa kivukoni. Wakatafuta mtu mrefu wa kumwigiza Tatewaki, na Nogawa hakuna mrefu kama mume wangu. Huwezi kukataa. Alifanya mazoezi ya siku ishirini, na usiku alikuwa hasemi na mimi. Siku yenyewe alivaa kofia ya vita iliyotengenezwa kwa karatasi, akapiga upanga wa mti, akakinyanyua juu kichwa cha majani kilichopakwa meno meusi, na watu wakashangilia. Bwana alikuwa amekaa jukwaani, anatazama nani anashangilia na nani hashangilii. Nilikuwa mstari wa mbele. Nikapiga makofi.